Mahali pa Moto Sakafuni

Kama uko Tanga au Mombasa jioni hii na feni inakuzungukia kichwani, huenda ukaona mazungumzo ya leo ni ya watu wengine. Lakini wa Makete, wa Lushoto na wa Limuru najua wameshasogeza kiti, maana mwezi wa Julai wanaufahamu. Mimi nimekulia Njombe. Asubuhi ya sakitu ukitoka nje unakuta majani yamekuwa meupe na yanalia chini ya kandambili. Jioni mama alikuwa akiingiza jiko la mkaa chumbani, nasi watoto tunalizunguka. Magoti yanaungua, mgongo umeganda. Ukigeuka ili mgongo nao upate haki yake, magoti yanaanza kulalamika. Tulikuwa tukijigeuzageuza kama mahindi ya kuchoma hadi mama aseme basi, jiko litoke. Hiyo ilikuwa amri yake na haikuwa na mjadala: taa haizimwi kabla jiko halijatoka nje. Sababu yake nitaifikia.

Tatizo hilo la magoti na mgongo, wapo watu waliolimaliza zamani sana. Wakorea. Wao hawakukaa karibu na moto; waliukalia.

Chumba cha namna hiyo, chenye moto chini ya sakafu, huitwa ondoli, na ngoja nikueleze kinavyojengwa, kwa sababu fundi aliyekibuni, yeyote yule aliyekuwa, alikuwa na akili nyingi. Jiko la kupikia lilikuwa chini kuliko chumba cha kulala. Unashuka hatua mbili tatu kuingia jikoni, na pale ukutani, chini ya sufuria kubwa la chuma, kuna mdomo wa moto unaotazama chini ya sakafu ya chumba cha pili. Kuni zinawashwa pale. Moto unaivisha wali, lakini moshi wake wa moto haupandi juu ukapotea kama moshi wetu. Unanyonywa ndani, unapita kwenye mifereji iliyojengwa chini ya sakafu, unakwenda hadi upande wa pili wa nyumba na kutokea kwenye dohani iliyosimama nje, wakati mwingine mbali kidogo na ukuta. Juu ya mifereji hiyo yamelazwa mawe bapa. Juu ya mawe, udongo. Juu ya udongo, karatasi nzito zilizobandikwa tabaka kwa tabaka na kupakwa mafuta mpaka zikawa ngumu, za manjano, zinazong'aa kama ngozi iliyotunzwa. Moto ule wa wali wa jioni ndio unaolaza familia hadi asubuhi, maana jiwe likishapata moto haliupotezi haraka.

Kuni moja, kazi mbili. Mama yangu angelipenda hilo.

Kuna na ujanja mdogo mdogo ndani yake. Mara baada ya mdomo wa moto sakafu ya mfereji hupanda ghafla kama kizingiti, ili miali isirudi nyuma na majivu yasiingie ndani sana. Mwishoni, kabla ya dohani, kuna shimo la kunasa masizi na kuzuia upepo wa baridi unaoshuka. Na mawe yaliyo karibu na moto huwa mazito kuliko yale ya mbali, la sivyo upande mmoja ungekaanga watu na mwingine ungewagandisha.

Asili yake ni ya kale. Kitabu cha historia ya nasaba ya Tang, kilichokamilishwa China mwaka 945, kinawasimulia watu wa dola ya Goguryeo, upande wa kaskazini wa Korea, kwamba wakati wa baridi maskini wao walichimba mitaro mirefu na kuwasha moto chini yake ili wapate joto. Maskini, msikilizaji. Mambo mengi ya nyumbani tunayoyaona huanza kwa mfalme yakateremka kwa watu. Hili lilipanda. Ukienda leo Seoul kwenye jumba la kifalme la Gyeongbokgung, nyuma ya vyumba vya malkia utakuta bustani ndogo ya ngazi ngazi, na katikati ya maua zimesimama dohani za matofali zenye pembe sita, zimenakshiwa wanyama na mimea. Watalii hupiga picha wakidhani ni mapambo ya bustani. Ni njia ya moshi wa ondoli ya malkia, uliopitishwa chini ya ardhi ili usimsumbue.

Sasa, mtu akihadithia historia ya namna hii, mara nyingi huishia kwenye mawe na mifereji. Mimi kinachonivuta ni watu waliokaa juu yake. Kwa sababu moto ule chini uliwapanga.

Fikiria. Kama sakafu ndiyo yenye joto, kiti cha nini? Kiti kinakuinua kutoka kwenye raha. Basi Wakorea walikaa chini, wakala chini kwenye meza fupi za miguu mifupi, wakasoma chini, wakalala chini kwenye godoro jembamba ambalo asubuhi linakunjwa na kuwekwa kabatini. Chumba kilekile usiku ni cha kulala, asubuhi ni cha kula, mchana cha kupokea wageni. Viatu vinaachwa nje, maana huwezi kukanyaga kwa kiatu mahali ambapo mtoto atalaza shavu. Ninyi wa pwani na mikeka yenu hamwoni ajabu hapo; viatu mlangoni mnavijua. Ila kwenu mnakaa kwenye sakafu kwa sababu ina ubaridi mzuri.

Lakini joto lile halikuwa sawa chumba kizima. Upande ulio karibu na jiko ulikuwa wa moto hasa, kiasi kwamba karatasi ya sakafu iliungua polepole ikawa ya kahawia. Huo waliuita arenmoki, yaani mahali pa chini. Upande wa mbali, penye ubaridi, ni winmoki, mahali pa juu. Na kama ilivyo kila mahali penye kitu kizuri kisichotosha wote, pakazuka adabu. Arenmoki ni pa babu na bibi. Ni pa mgeni, ambaye anasukumwa akae pale naye anakataa mara mbili kabla ya kukubali. Mkwe, yaani mke wa mtoto wa kiume, yeye nafasi yake ni winmoki, karibu na mlango, tayari kuinuka. Ungeingia chumbani usiijue familia ile hata kidogo, na kwa kutazama tu nani amekaa wapi ungejua nani mkubwa na nani mdogo. Sakafu ilikuwa imeshawatambulisha.

Arenmoki ilikuwa pia kabati la vitu vya thamani. Mzazi aliyetoka kujifungua alilazwa pale apate joto, kama mama zetu wanavyomkanda mzazi kwa maji ya moto siku zake arobaini. Maharage ya soya yaliyochemshwa yalifunikwa blanketi pale ili yachache. Na kuna hili ninalolipenda kuliko yote: bakuli la shaba lenye kifuniko, limejazwa wali, limeviringishwa kwenye blanketi na kuwekwa pale penye moto, likimsubiri mtu ambaye hajarudi. Baba aliyechelewa kazini. Mtoto aliye safarini. Wakorea wengi wa makamo ukiwauliza habari za utotoni watakutajia bakuli hilo kabla ya kukutajia baridi.

Basi, kila sifa ina gharama zake, na gharama ya kwanza ililipwa na miti. Katika karne za mwisho za utawala wa wafalme wa Joseon ondoli ilienea peninsula nzima, kwa tajiri na kwa fukara, na kila nyumba ikawa na tumbo la kula kuni miezi mitano ya mwaka. Milima ikaanza kunyolewa. Likaja la ukoloni wa Wajapani, ikaja vita ya mwaka 1950 hadi 1953, na baada yake vilima vingi vya Korea Kusini vilibaki udongo mtupu. Mvua ikinyesha, matope yanashuka mashambani.

Serikali ikafanya nini? Ilikemea, ilitisha, ilizuia kuni zisiingie mijini. Lakini watu hawaachi kuota moto kwa sababu wamekemewa. Waliacha kuni kwa sababu walipewa kitu kingine cha kuchoma, na kitu hicho kilitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya mkoa wa Gangwon, milimani mashariki. Makaa yalisagwa, yakashindiliwa kwenye kalibu, yakatoka donge la mviringo, upana na urefu wake kama sentimita 15, uzito wake kilo tatu na nusu na ushei, limetobolewa matundu kutoka juu hadi chini kama kiota cha nyuki. Jina lake yontani. Mwaka 1973 nchi ilipoanza mpango wake mkubwa wa kupanda miti upya, miche ilipata nafasi ya kukua kwa sababu chini ya sakafu za mijini tayari kulikuwa kunaungua yontani. Nasema hivi nikiwafikiria wanaotuhubiria kila siku habari za mkaa na misitu yetu bila kutuambia tupikie nini.

Yontani ilikuwa na taratibu zake. Majira ya baridi yalipokaribia, nyumba ya Kikorea ilitaka mambo mawili yakamilike kabla theluji haijaanguka: kimchi, yaani mboga za kuchachushwa, itengenezwe ya kutosha majira yote ya baridi, na stoo ijae yontani. Mwenye stoo iliyojaa alilala usingizi wa tajiri. Asiye nacho alinunua moja kwa siku, linapitishwa kamba ya majani makavu kwenye tundu la katikati, akarudi nalo nyumbani limening'inia mkononi. Mwenzangu wa Tandale au Kibera unayenunua mkaa kwa kopo, huyo ni ndugu yako kabisa. Na majivu yake hayakutupwa hovyo. Donge lililokwisha kuungua, limebadilika rangi kuwa kama udongo wa chungu, lilipondwa na kumwagwa kwenye vichochoro vya mlimani vilivyoganda barafu, watu wasiteleze.

Tuje kwenye usiku. Jikoni madonge mawili yalikaa moja juu ya jingine. La chini linapomalizika, la juu lipo katikati ya kuungua. Mtu anashika koleo, analitoa la juu likiwa jekundu, analitoa la chini lililokufa, anarudisha lile jekundu chini na kuweka jipya juu yake, tena kwa makini, tundu juu ya tundu, ili moto upate njia ya kupanda. Ukikosea matundu, moto unazimika. Moto ukizimika, chumba kinapoa, na wewe alfajiri unabisha kwa jirani ukiomba donge lililowaka, ukiliacha jipya kama badala. Kuomba moto kwa jirani, hilo nalo tunalijua.

Kazi hiyo ilifanywa mara mbili, mara tatu kwa siku, na zamu mojawapo mara nyingi iliangukia saa nane za usiku. Nani aliamka? Huhitaji kuniuliza. Historia za majiko hutajwa kwa majina ya wavumbuzi, na wavumbuzi huwa wanaume wenye ndevu kwenye picha. Lakini kwa miaka karibu 30, nchi nzima ililala na joto kwa sababu mamilioni ya wanawake waliamka gizani, wakavaa sweta, wakashuka jikoni kwenye baridi kali na koleo mkononi, wakizuia pumzi.

Wakizuia pumzi, kwa sababu yontani ilikuwa ikiua.

Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na ndani ya damu inaishika himoglobini kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inavyoweza. Kumbuka sasa ile ondoli ya kale: moshi unapita chini ya godoro lako. Zama za kuni, sakafu ikipata ufa, moshi ulipenya ukakuwasha macho, ukaamka ukikohoa na kutukana. Hewa ya yontani ilipenya kwenye ufa uleule kimya kimya, haikumwamsha mtu. Udongo unapasuka kwa joto na baridi, panya wanachimba, karatasi inachanika chini ya kabati ambapo hakuna anayeona. Familia inalala watu watano, asubuhi jirani anashangaa mbona hakuna mlango unaofunguliwa. Kila majira ya baridi, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, magazeti ya Korea yalikuwa na habari hizo karibu kila siku, na waliokufa miaka hiyo yote ni maelfu mengi.

Na lipo jambo moja katika mkasa huu linaloniuma zaidi. Jiko la yontani lilikuwa na kitundu cha hewa chenye kizibo. Ukikifungua, moto unawaka vizuri, chumba kinapata joto, lakini donge linakwisha upesi. Ukikiziba kidogo, donge moja linakaa muda mrefu. Nani ataziba? Yule anayenunua moja kwa siku. Na moto ulionyimwa hewa ndio unaotoa sumu nyingi zaidi. Kwa hiyo kila aliyebana matumizi alikuwa anajisogezea hatari, na vyumba vya kupanga, vyenye nyufa ambazo mwenye nyumba aliahidi kuziziba mwezi ujao, ndivyo vilivyotoa maiti wengi.

Aliyekutwa bado anapumua aliburutwa nje kwenye hewa baridi, akamiminiwa kinywani mchuzi wa baridi wa kimchi ya figili, uitwao dongchimi. Kila nyumba iliamini dawa hiyo. Haikuwa dawa, kilichosaidia ni ile hewa ya nje. Hospitali kubwa zilipata baadaye matangi ya oksijeni yenye shinikizo, mgonjwa analazwa ndani, oksijeni inasukumwa kwa nguvu mpaka sumu iachie damu. Mama yangu hakuwahi kusikia habari za Korea wala za himoglobini. Alijua tu kwamba jirani fulani pale kwetu alilala na jiko na hakuamka. Ndiyo sababu ya amri yake, na ninyi mnaonisikiliza kutoka nyanda za juu, Julai hii jiko litoke nje.

Tumepita tayari nusu ya muda wetu, na ghorofa zimeshaanza kujengwa Seoul. Mwaka 1962 zilifunguliwa fleti za Mapo, majengo ya ghorofa sita, maringo ya mji. Ghorofa ya sita, lakini mle ndani bado yontani. Miaka ya 1970 fleti zikaongezeka, wasanifu wakaleta mambo ya Ulaya: sebuleni wakafunga rejeta, ndiyo, jina lilelile la ile ya gari, mabomba ya maji moto yaliyosimama ukutani. Wakaleta na makochi. Kilichotokea ni kwamba watu walihamia chumbani, ambako chini palikuwa pa moto, wakaiacha sebule na makochi yake yakitazamana. Wahandisi wakasalimu amri. Wakalaza mabomba ya maji moto ndani ya zege la sakafu, nyumba nzima, na boila moja pembeni ikayazungusha maji. Hakuna moshi tena chini ya mtu. Mwaka 1986 ikafika meli ya kwanza ya gesi asilia, iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, kutoka Indonesia, na katika miaka ya 1990 yontani ikafutika mijini, isipokuwa vichochoro vichache vya maskini ambamo hata leo watu wa kujitolea hupandisha madonge wakiwa wamepanga mstari, wanapasiana mkono kwa mkono.

Kochi, kwa taarifa yako, lilibaki. Ingia nyumba nyingi za Kikorea leo utamkuta mwenye nyumba amekaa sakafuni, kochi amelifanya la kuegemea mgongo.

Na kuna Mmarekani mmoja, msanifu Frank Lloyd Wright, ambaye alialikwa chakula cha jioni Tokyo na tajiri Okura Kihachiro wakati alipokuwa na kazi ya kujenga Hoteli ya Imperial. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikula akitetemeka chumba cha kulia, kisha wakapelekwa chumba kingine, na mara akahisi kama majira yamebadilika. Akaambiwa hiki ni chumba cha Kikorea. Alitafuta moto hakuuona. Baadaye akalaza mabomba chini ya sakafu ya nyumba ya familia ya Jacobs huko Madison, Wisconsin, mwaka 1937, na kutoka hapo wazo likatembea. Serikali ya Korea Kusini yenyewe iliiandikisha ondoli kuwa urithi wa taifa mwaka 2018. Sikucheka niliposoma, ingawa nilifikiria kwamba hakuna aliyewaandikisha wale wa saa nane za usiku.

Rafiki yangu mmoja wa Iringa alikwenda kusoma Seoul. Alipanga chumba kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane. Ukutani palikuwa na kidude kidogo chenye namba. Unabonyeza, boila inanguruma, na sakafu yote, kona kwa kona, inapata joto sawasawa. Ananiambia jioni ya kwanza alisimama mlangoni, ameshavua viatu, hajui akae wapi. Bibi yule hakujua Kiingereza, naye hakuwa na maneno kumi ya Kikorea. Bibi akasogea kando kutoka pale alipokuwa amekaa, karibu na ukuta wa jikoni, akapigapiga sakafu kwa kiganja mara tatu, papo hapo alipotoka, akimwonyesha akae.